Mashine Haina Mkwe

Glavu zangu za mwisho nilizirudisha stoo siku ya Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata nikaamka alfajiri kwenda kazini. Mke wangu Salome aliniacha nioge, nivae, nifunge viatu vyote viwili, ndipo akaniambia kwamba nimestaafu. Kwa kuwa nilishaamka na chai ilishachemka, nikaona niandike haya mliyoniomba, nyinyi mliobaki langoni. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua kwa sababu ni huohuo wenu. Nitaandika juu ya abiria, mifuko yao, na makosa yangu mawili makubwa. La kwanza niliangalia kupita kiasi. La pili sikuangalia kabisa.

Mimi Komora ni Mpokomo wa Kulesa, na kwetu tulilima mpunga na ndizi kando ya mto. Ndege tuliziona zikipita juu, zikielekea kwa watu wengine. Ya kwanza niliyoikaribia maishani niliikaribia nikiwa mlinzi wake, katika uwanja mmoja mkubwa mjini, mbali na huku. Nilipewa sare ambayo wangeingia Komora wawili na nafasi ikabaki. Nilikuwa na hakika kwamba kila mwenye miwani ya giza ni mhalifu, na siku hiyo ya kwanza nilimshuku rubani.

Aliyenitoa ushamba ni Mzee Shee, mtu wa Kipini, mwembamba, mwenye vidole virefu na sauti ya chini. Hakunipa kitabu. Kwa siku tatu alinifanya nimpekue yeye mwenyewe. Siku ya kwanza alificha ufunguo kwenye soksi, nikaupata. Siku ya pili alificha wembe kwenye ukosi wa shati, sikuupata, akautoa mwenyewe akaukatia kucha mbele yangu. Siku ya tatu hakuficha kitu, akaniacha nihangaike nusu saa nzima nikitokwa jasho. Tangu hapo nilijua kwamba kukosa kitu nako ni jibu, na ukishalipata usiendelee kumchokora mtu.

"Komora," aliniambia, "mtu mpanguse kana kwamba wamtoa vumbi, si kana kwamba wamtafuta chawa. Na mkono usitangulie mato."

Mato ni macho kwa lugha ya kwao. Maana yake ni kwamba umtazame mtu kwanza: anavyotembea, anavyoshika mzigo wake, anavyokutazama. Mkono uje baadaye, na uje kwa sababu. Nilimwitikia ndio mzee, nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Tulikuwa na kile kidude cha mkononi kinachopitishwa mwilini, kinacholia kikikuta chuma. Sisi tulikiita nyenje kwa kelele zake. Asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu, nyenje ikalia kiunoni kwa mzee mmoja aliyevaa koti. Nikagusa, nikakuta kitu kinene, chororo, kimefungwa tumboni. Mzee akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ni mambo ya hospitali, tusogee pembeni. Mimi nikaona huyo ndiye niliyekuwa nikimngoja tangu niajiriwe. Nikamwamuru avue koti na ainue shati palepale, mbele ya watu. Akainua. Ulikuwa mfuko wa mkojo na mpira wake, na kilicholiza nyenje ni bizimu ya mkanda ulioushikilia.

Hakunitukana, na ni heri angenitukana. Alishusha shati, akakosa kifungo kimoja kwa haraka, na watu wote kwenye foleni wakawa wanatazama viatu vyao. Mzee Shee alitoka kwenye kiti chake, akamfunga kile kifungo, akambebea mzigo hadi mlangoni mwa ndege. Aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu nilikuwa natafuta nini, na kama nimekipata. Nililia chooni siku hiyo, mtu mzima na sare yangu. Bado namkumbuka yule mzee, na ningejua kwake ningekwenda kumwomba radhi.

Baada ya miaka kadhaa mjini niliomba kurudi karibu na nyumbani, nikaletwa kwenye kiwanja chetu kidogo nje ya Garsen. Mnakijua, ingawa mmekikuta kimepakwa rangi. Wakati huo kilikuwa chumba kimoja, meza moja, jenereta moja, na mbuzi wasio na hesabu waliopenda kulala kwenye njia ya ndege kwa sababu ina joto. Kabla ya kila ndege kutua mmoja wetu alitoka kuwafukuza, na kazi hiyo haikuwahi kutajwa kwenye mafunzo.

Mashine ya eksirei ilitujia mtumba, baada ya uwanja mkubwa kupata mpya. Ilikuwa na mkanda wa mpira uliokwaruza na skrini iliyoonyesha kila kitu kwa rangi ya chungwa, hata chuma kilichopaswa kuwa bluu. Lakini iliona. Iliona mkasi ndani ya mkate, mundu ndani ya mkeka, na siku moja ilimwona kuku mzima kwenye mkoba wa mama mmoja mtanashati, mifupa mitupu, akigeuza shingo kutuangalia. Mama alisema anampelekea bintiye aliyejifungua. Kuku alibaki Garsen, na sisi hatukumla, ingawa mpaka leo kuna watu hawaamini.

Wanawake walipekuliwa na Halima, Muorma, ambaye mmemkuta na ambaye bado anawaamsha mkisinzia. Chumba chake kilikuwa kona iliyozibwa kwa leso mbili, zote zimeandikwa "Mwenye macho haambiwi tazama". Kwa chumba cha kupekulia wanawake halikuwa chaguo bora, lakini ndizo alizokuwa nazo. Nilikuwa nikimsikia nyuma ya pazia: "Mama, wewe hapana ogopa. Mimi naguza kidogo tu, kama daktari, lakini sindano hapana." Waliingia wamekunja uso na wakatoka wakicheka naye. Alikuwa akiwaeleza kila atakapogusa kabla hajagusa. Huo ndio ufundi wote, na kuna watu wenye vyeti vya ukutani hawaujui.

Halima ndiye aliyekuja kuniambia kuhusu bibi mmoja aliyeliza nyenje mikono yote miwili. "Komora, bangili hapana toka. Yeye naolewa na hii bangili, sasa iko kama mfupa." Kanuni ilisema chuma kivuliwe. Tuliketi na kanuni hiyo tukaitazama, kisha Halima akazihesabu bangili, akapitisha kidole chini ya kila moja, tukaandika kitabuni kwamba zimekaguliwa zikiwa mwilini. Bibi akapanda ndege na heshima yake. Mzee mwingine hakutaka kuachana na fimbo yake, akasema tangu atahiriwe hajawahi kusimama bila fimbo na hatakufa akiwa mikono mitupu angani. Fimbo ikasafiri mbele na rubani, mzee akasafiri nyuma, na inasemekana hakuiondolea macho hata mara moja.

Watu huniuliza kama nilishawahi kumkamata mtu mbaya hasa, wale wa kwenye taarifa za habari. Sikuwahi. Nimekamata manati, visu vya kumenyea, samli, pilipili ya kusaga, na bwana harusi mmoja aliyekuwa anakimbia harusi yake. Labda wabaya hawakuja. Labda walikuja, wakaliona lango, wakageuka. Ni kazi ambayo mtu hulipwa ili jambo lisitokee, na lisipotokea hakuna ajuaye kama ni kwa sababu yako. Nimeishi na swali hilo bila kukosa usingizi, kwa sababu kuna siku moja ambayo jibu lake ninalijua. Siku hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Kwanza niwaeleze mambo ya mkwe, maana baadhi yenu mmekulia mjini na mnakaa meza moja na mama wakwe zenu mkishindania paja la kuku. Sisi hatukulelewa hivyo. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Huli akuone, hushiki kitu chake, humwiti, naye hakutaji jina. Si chuki. Ni heshima, na ukiizoea ina raha yake, kwa sababu sijawahi kugombana na mama yake Salome hata siku moja. Kwa miaka ishirini na mitatu nilimjua kwa miguu na kwa kikohozi. Nilikuwa najua kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kimepinda, lakini ungeniuliza sura yake ningekupeleka kwa Salome. Nimeingia kwenye mahindi ya watu mara nyingi kumpisha, na mara moja niliingia kwenye siafu.

Mwaka ule mto ulifurika vibaya. Barabara ikakatika pande zote, na watu ambao hawakuwahi kufikiria ndege wakawa hawana njia nyingine. Walikuja kwa mitumbwi mpaka ukingo wa maji, wakatembea hadi kwetu na matope magotini: wagonjwa, walimu, wafugaji. Mama mkwe wangu wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, anapika kwa kunusa. Kulikuwa na madaktari wa macho waliofika katika hospitali moja mjini kwa wiki hiyo tu, na Salome alikuwa amehangaika miezi mama yake apate nafasi. Akikosa wiki hiyo, hakuna aliyejua lini tena, na daktari alishasema jicho la kulia halitangoja sana. Mdogo wake Salome angempokea huko. Safari ilikuwa Alhamisi, na mimi nilishapanga Alhamisi hiyo nikakate nyasi mbali na lango.

Hali ya hewa ikaharibu mpango. Rubani alisema mvua kubwa inakuja, kwa hiyo ndege itaruka Jumanne badala ya Alhamisi. Simu zilikuwa zimekatika. Habari zilifika Kulesa, kwa mama mkwe, kwa mtumbwi, majirani wakamleta mama moja kwa moja, na Salome nyumbani Garsen hakujua. Mimi pia sikujua kwamba mama ameletwa. Halima alikuwa amezingirwa na maji ng'ambo ya pili. Wa kupekua wanawake aliazimwa muuguzi wa kike wa zahanati, akamaliza kazi yake haraka akarudi kwa wagonjwa. Kwenye kiti cha skrini nilikuwa peke yangu. Hakukuwa na mwingine aliyefunzwa.

Nilikuwa nikisema, kama kawaida, "Weka begi hapa, mama, lilaze," macho yangu yakiwa mezani. Chini ya meza nikaona miguu. Kidole kidogo cha kushoto kimepinda. Kisha akakohoa.

Nikakata maneno katikati. Begi lake, la bluu, lenye zipu iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, likaingia kwenye mashine. Nawaambia ukweli kama nilivyouandika siku ile: sikuamua. Mwili uliamua. Kwenye skrini mngeona nini? Gagulo la mkwe, nguo zake, vitu vyake vyote vya siri kwa rangi ya chungwa. Nikageuza uso ukutani nikasoma kalenda. Ilikuwa ya mwaka uliopita, na ilikuwa na picha ya trekta. Nilisoma siku za mwezi wa saba zote, na mkanda ulipotulia nilikuwa nimefika mwezi wa nane. Begi lilishapita, na lile lililolifuata, la mwalimu mmoja, nalo lilishapita.

Abiria wakatoka kwenda kwenye ndege, mizigo ikasukumwa na mkokoteni. Mimi nikashusha pumzi. Nilijiona mkwe mwema. Nikachukua kitambaa kufuta mkanda, kama nilivyofanya kila baada ya safari, nikakuta umelowa. Doa lilikuwa la ukubwa wa kiganja. Nikagusa, nikanusa vidole. Mafuta ya taa.

Nilisimama pale, sijui kwa muda gani, na kitambaa mkononi. Ningeweza kunyamaza, maana mafuta ya taa si bomu. Ningeweza kumwambia rubani kwamba begi la bluu ni zito, liachwe, na asijue mtu kuhusu kalenda. Lakini sikujua mafuta yametoka begi lipi kati ya mawili, wala nini kingine kilikuwamo. Wala nisingeweza kuapa kwamba ni mafuta tu. Na ndege ile ni ndogo, watu wamekaa magoti yanagusana. Kusema ukweli ni kupoteza kazi, na pengine ni kumkosesha mama wa watu macho yake, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi upande wa mashariki na rubani hakuwa mtu wa kungoja. Niliogopa, na niliona aibu, na bado sijui ni kipi kilichonikimbiza zaidi. Nilikimbia. Mbuzi walinipisha.

Nikamwambia rubani mbele ya wote kwamba mabegi mawili yamepita bila kuangaliwa, kwamba kosa ni langu, na kwamba moja linavuja mafuta. Akaniuliza ilikuwaje. Nikasema moja ni la mkwe wangu. Yeye alikuwa mtu wa mbali, akanitazama kana kwamba nimemjibu swali jingine. Akasema nifungue yote mawili sasa hivi, hapahapa chini ya bawa, la sivyo safari imekufa.

La mwalimu lilikuwa na vitabu na viatu vikavu. Kwa hiyo ni lile la bluu. Nikavaa glavu. Nikainama. Mikono ikagoma. Nasema kweli, mikono ambayo ilikuwa imefungua maelfu ya mifuko ilining'inia mbele ya ile zipu kama ya mtu mwingine. Rubani akatazama saa.

Abiria wote walikuwa watu wa huku. Mzee mmoja Muorma, aliyekuwa anangoja ngazini, aliona mimi ni nani na mama ni nani, akageuka, akanipa mgongo, akautazama mto. Mwalimu akageuka. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakawa wanatazama maji, isipokuwa rubani, ambaye hakuna aliyemweleza kitu.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Kisha akasema, kwa Kipokomo, nami nawaandikia kwa Kiswahili:

"Nilijua ni wewe tangu uliponyamaza. Leo wewe si mkwe. Leo wewe ni lango. Fungua, watu wanangoja."

Nikafungua. Nilifanya kama Mzee Shee alivyonifundisha, polepole, kana kwamba natoa vumbi, nikisema kila ninachokwenda kugusa kabla sijakigusa, kama Halima. Nasogeza leso, mama. Natoa Biblia, mama. Chini kabisa, ndani ya gagulo, kulikuwa na koroboi, ile taa ya bati, na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya taa, imezibwa kwa gunzi la hindi lililolegea. Pembeni yake viberiti viwili, kimoja kimefunguka na njiti zimemwagika ndani ya begi, zingine zimeshalowa.

Rubani aliinusa chupa, akazitazama njiti, akavua kofia akaishika. Akaniomba nimuulize mama kwa nini anasafiri na hivyo. Nikauliza, nikitazama chini.

"Macho yangu ni giza," alijibu. "Huko niendako sijui kama wana taa. Nikose vyote viwili?"

Hakuna aliyecheka. Rubani akavaa kofia yake, akasema begi libaki na abiria aende. Niliweka Biblia, leso moja na kitana kwenye mfuko wa karatasi, nikauweka chini karibu na miguu yake ili auokote mwenyewe. Yule mzee Muorma akamshika mkono wakapanda. Ndege iliruka mvua ikianza kudondoka kwenye kofia yangu. Nililibeba begi la mama mkwe wangu kutoka kiwanjani hadi nyumbani nikipita katikati ya Garsen, linanuka mafuta, na kila niliyekutana naye alitaka kujua.

Taarifa niliiandika mwenyewe jioni hiyo na sikuficha trekta. Mkubwa wetu alipokuja wiki iliyofuata aliisoma mara mbili. Akasema mashine haikuwa na hitilafu. Nikasema ndio bwana, mashine haina mkwe. Nilidhani nimejifukuza kazi kwa ulimi wangu. Yeye, mtu wa kutoka ziwani, akafunga faili, akatazama dirishani, akaniambia kwamba hata yeye hajawahi kula mbele ya mama mkwe wake, na kwamba siku moja alijificha chooni na sahani ya samaki. Adhabu nilipewa, na ilinistahili. Lakini siku hiyo ndiyo asili ya lile tangazo lililo nyuma ya mlango wenu, ambalo mmekuwa mkilicheka: kwamba mkaguzi akiona mkwe wake kwenye foleni, aseme mapema, abadilishane kiti, na kama yuko peke yake, abiria huyo angoje hadi mwingine aje. Msilibandue. Adabu isipopewa mahali pake kwenye kanuni, itajitafutia mahali yenyewe, na mimi nimewaambia ilikojitafutia.

Wiki ya tatu maji yalikuwa bado juu, na ndege ikamrudisha. Halima alikuwa amesharudi kazini. Mimi niliona miguu ikishuka ngazi, nikaondoka haraka kwenda kwenye meza ya ukaguzi, ambako wanaowasili hawapiti. Wao hutoka kwa mlango wa upande wa pili, mnajua, na hakuna anayewagusa.

Nikasikia kikohozi. Miguu ikaja, haikushikwa na mtu, ikakwepa ndoo ya maji iliyokuwa njiani, ikasimama mbele ya meza yangu. Mfuko wa karatasi ukawekwa. Mkono wake ukaufungua.

"Kagua," alisema.

Halima akaanza kuinuka, mama akamzuia kwa kiganja. Basi nikakagua. Biblia, leso, kitana, chupa ndogo ya dawa ya matone. Nikasema safi, mama. Nilikuwa sijawahi kumwita mama kabla ya siku ya begi, na hiyo ilikuwa siku ya pili. Mfuko haukuondoka mezani. Nilingoja, macho kwenye glavu zangu, na mwisho nikaona hakuna namna, nikainua uso.

Alikuwa amepandisha miwani ya giza juu ya kilemba. Macho yalikuwa mekundu kidogo, yana maji, na yalikuwa yananitazama moja kwa moja, kuanzia kofia hadi kidevu, taratibu, bila kuruka mahali. Nilimwona na mimi. Salome amechukua sura yake yote.

"Kumbe una mvi, Komora," alisema.

Nikasema ndio, mama, ni za siku nyingi. Akashusha miwani, akachukua mfuko wake, akatoka kwa mlango wa wanaowasili. Siku chache baadaye nilikutana naye kwenye njia ya Kulesa. Niliingia kwenye mahindi kama kawaida, naye akajifunika leso akapita.